Nyaatha wa Gikondi: jinsi jina la Sista Irene Stefani lilivyodumu

Mwanamke aliyezaliwa tarehe 22 Agosti 1891 huko Anfo, kijiji kilichopo kando ya ziwa Idro katika mkoa wa Brescia, kaskazini mwa Italia, alipewa majina matatu katika maisha yake ya miaka 39. Wazazi wake walimbatiza Aurelia Mercede Stefani. Shirika la Masista Wamisionari wa Consolata lilimwita Irene. Jina la tatu, Nyaatha, alipewa na Wakikuyu wa Gikondi, huko Nyeri nchini Kenya, na hilo halikutoka kwa padre wala kwa mkuu wa shirika. Katika Kikikuyu tha ni huruma, na Nyaatha ni mwanamke mwenye huruma, au tukitaka kulisogeza karibu zaidi na Kiswahili, mama wa huruma. Waumini wa Nyeri humwita hivyo hadi leo, na hata maandishi rasmi ya Kanisa yanayomhusu yamelazimika kulichukua jina hilo na kuliweka kando ya lile la kitawa.

Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa sababu kumbukumbu yake inapingana na kanuni tunazozijua za kukumbukwa. Sista Irene hakuanzisha shirika, hakuandika kitabu, hakushika cheo kikubwa, na alifia katika misheni ya kijijini, tena kwa ugonjwa ambao watu huukimbia. Hata hivyo, miaka 85 baadaye, tarehe 23 Mei 2015, umati ulikusanyika mjini Nyeri kumshuhudia akitangazwa mwenyeheri, hatua inayotangulia kutangazwa mtakatifu, ibada ya kwanza ya namna hiyo kufanyika katika ardhi ya Kenya. Maelezo ya haraka ni kwamba Kanisa lina vyombo vya kumkumbusha linayetaka akumbukwe, na hilo ni kweli kwa sehemu. Lakini vyombo hivyo vilianza kazi zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake, na visingekuwa na cha kukusanya kama watu wasingekuwa wamekihifadhi. Maoni yangu ni kwamba Nyaatha alikumbukwa kwa kuwa yeye mwenyewe alitumia maisha yake kuwakumbuka watu waliokuwa wakihesabiwa tu, na ushahidi wa jambo hilo unaanzia mbali na Gikondi, katika kambi za wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza.

Safari yake hadi huko ni fupi kuisimulia. Mwaka 1911 alijiunga na masista wa Consolata mjini Turin, shirika lililokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kwani Padre Giuseppe Allamano alilianzisha mwezi Januari 1910 baada ya wamisionari wake wanaume kuwa tayari wamefika katika nchi ya Wakikuyu tangu 1902. Aliweka nadhiri Januari 1914, na mwishoni mwa mwaka huohuo akapanda meli kwenda Mombasa, alikofika Januari 1915. Aliondoka Ulaya ikiwa vitani, akaikuta Afrika Mashariki ikiwa vitani vilevile, maana Waingereza waliokuwa Kenya na Wajerumani waliokuwa Tanganyika walikuwa wameshaanza kupigana kwenye mpaka wa Taveta.

Vita ile haikuwa na barabara za kutosha, na mbung'o waliwaua ng'ombe na punda wa kubebea mizigo. Kwa hiyo mizigo ilibebwa kichwani na mabegani. Serikali ya Uingereza iliunda kikosi cha wapagazi ambacho jina lake la Kiingereza, katika vinywa vya wenyeji, liligeuka kuwa Kariakoo kwa watu wa Dar es Salaam na Kariokor kwa watu wa Nairobi, na kwa njia hiyo mitaa miwili yenye shughuli nyingi katika miji hiyo inabeba hadi leo jina la kikosi ambacho wengi wanaopita hapo kununua khanga na viazi hawakijui. Wengine walijiandikisha wenyewe kwa ajili ya mshahara, lakini wengi walikamatwa na machifu kwa amri ya maofisa, na mwaka 1917 msako mkubwa ulifanyika Kenya nzima hadi vijana wakawa wanakimbilia msituni. Aliyeandikishwa alipewa kibati chenye namba, avae mwilini. Namba hiyo ndiyo iliyomwezesha karani kumlipa, na ndiyo iliyomfuta katika daftari alipokufa.

Na walikufa kwa wingi. Makadirio yanayokubalika na wanahistoria yanaweka wapagazi waliokufa upande wa Waingereza kuwa zaidi ya 90,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na malaria, homa ya mapafu na hasa kuhara damu. Mtu aliyezoea viazi, ndizi na uji wa mtama wa nyumbani kwake alipewa posho ya unga wa mahindi uliosagwa vibaya, akaambiwa apike mwenyewe jioni baada ya kutembea siku nzima, pasipo muda wala kuni za kutosha kuuivisha, na ule unga mbichi ukamkata utumbo. Mkikuyu aliyetoka katika baridi ya Nyandarua akashushwa pwani alikuwa hana kinga yoyote dhidi ya mbu wa huko. Waliougua walirundikwa katika kile kilichoitwa hospitali, ambayo mara nyingi ilikuwa safu za mabanda, wagonjwa wakilala sakafuni, wauguzi wakiwa wachache mno.

Humo ndimo Sista Irene alimoingia. Italia ilikuwa imejiunga na vita upande wa Uingereza mwezi Mei 1915, na masista wa Consolata walikubaliwa kuhudumu chini ya alama ya Msalaba Mwekundu. Alianzia Voi, kwenye njia ya reli, ambako majeruhi na wagonjwa wa mapigano ya mpakani walikuwa wakiletwa, kisha vita iliposukumwa kusini akaifuata hadi Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam. Kwa hiyo mwanamke huyu ambaye Wakenya humhesabu kuwa wao ana sehemu yake katika historia ya pwani ya Tanzania pia, ingawa Kilwa na Lindi humtaja kwa nadra, na mimi huliona hilo kama upungufu wetu sisi wa upande wa kusini wa mpaka.

Kazi yenyewe haikuwa na utukufu. Ilikuwa kuosha vidonda vilivyooza, kubadilisha nguo zilizochafuliwa na kuhara, kuwalisha wasioweza kujilisha, na kuwatetea wagonjwa mbele ya wasaidizi waliokuwa wakiwapiga au kuwaibia chakula. Masimulizi ya wenzake yanarudia jambo moja ambalo kwangu ndilo ufunguo wa kisa hiki, nalo ni kwamba alikuwa akikaa chini kando ya mgonjwa na kumuuliza habari zake: anaitwa nani, ametoka wapi, amemwacha nani nyumbani. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watu wa makabila mengi waliokuwa kambini, naye alijifunza cha kutosha kuulizia mambo hayo. Katika mahali ambapo karani aliuliza namba, yeye aliuliza jina.

Tukio linalosimuliwa zaidi ni la Kilwa. Huko maiti zilipelekwa ufukweni, na siku moja aliporudi kumwangalia kijana aliyekuwa mahututi, ambaye alikuwa akimfundisha dini, alikuta nafasi yake ni tupu. Aliambiwa amekufa na ameshachukuliwa. Hakuridhika. Alikwenda ufukweni, akazigeuza maiti moja baada ya nyingine, hadi akamkuta yule kijana akiwa bado anapumua, na hapo akambatiza. Anayeijua pwani ya Kivinje maji yanapokupwa, jinsi tope linavyoenea mbali na ukimya unavyotanda, ataweza kujijengea picha ya sista mwenye vazi jeupe akiinama juu ya mwili huu, akihamia ule, akitafuta mtu mmoja ambaye daftari lilikwisha kumfunga.

Tukio hilohilo ndilo linalozua swali gumu la kisa hiki, na si haki kulipita. Inakadiriwa kwamba Sista Irene aliwabatiza watu wapatao 3,000 katika hospitali za kijeshi, wengi wao wakiwa kitandani mwa kifo. Msomaji wa leo ana haki ya kuuliza kama mtu anayekata roho mbali na kwao, mikononi mwa mgeni ambaye ndiye peke yake anayempa maji, anaweza kusemwa kwamba ameridhia kwa hiari. Wako watakaosema kwamba alikuwa anawakusanyia Wakristo mahali pa mauti, na kwamba serikali iliyowachukua kwa nguvu na misheni iliyowabatiza zilikuwa zikipanda meli moja. Mimi naona hoja hiyo ina uzito, lakini haifiki mwisho wa jambo. Kwa imani yake, kumwacha mtu afe bila ubatizo kulikuwa ni kumnyima kitu bora kuliko vyote alivyokuwa navyo, na asingekuwa mkweli kama angeshiriki naye uji akamnyima hicho. Inasimuliwa pia kwamba alitanguliza mafundisho pale ambapo mgonjwa alikuwa na nguvu za kusikiliza, na kwamba aliendelea kuwahudumia waliokataa, Waislamu wakiwemo, kwa namna ileile. Zaidi ya hayo, ubatizo una tabia moja ambayo daftari la jeshi halikuwa nayo: hauwezi kufanyika bila kumtaja mtu kwa jina. Kwa wengi wa wale 3,000, huenda hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho jina kutamkwa juu yao na mtu anayewaangalia usoni.

Linganisha na namna dola ilivyowakumbuka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Waingereza walisimamisha sanamu za ukumbusho Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanamwahidi anayeipigania nchi yake kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Hakuna jina hata moja la mpagazi lililochongwa hapo. Mishahara ya waliokufa pasipo ndugu zao kutambuliwa ilibaki serikalini, na suala hilo lilizungumzwa kwa miaka bila familia kulipwa. Pale Dar es Salaam sanamu ni ya askari peke yake mwenye bunduki. Mpagazi hayupo kabisa, ingawa si mbali na hapo soko zima linaitwa kwa jina la kikosi chake.

Vita ilipokwisha, na baada ya kuhudumu kambini kwa miaka kadhaa, Sista Irene alipelekwa Gikondi mwaka 1920, katika eneo la Mukurweini, kusini mwa Nyeri, na hapo alikaa hadi kufa. Gikondi ni nchi ya vilima na mabonde. Kwenda nyumba ya jirani ni kushuka hadi mtoni na kupanda tena. Alifundisha masomo ya shule, akafundisha katekisimu, akatembelea wagonjwa na wazazi, tena kwa mwendo ambao watu waliukumbuka kwa muda mrefu, kwa kuwa hakuwa akitembea bali alikuwa akikaribia kukimbia. Alikwenda boma kwa boma kuwasihi wazazi wawaruhusu watoto waje shuleni, na alirudi tena alipokataliwa. Ukarimu wa Wakikuyu una kanuni zake, na mgeni anayerudi mara ya tatu mlangoni bila hasira huwa vigumu kumwita mgeni.

Ila sehemu ya maisha yake ya Gikondi ninayoiona kuwa nzito kuliko zote, na inayopewa nafasi ndogo katika mahubiri, ni barua. Baada ya vita kodi ya nyumba na uhaba wa ardhi viliwasukuma wanaume wa Kikuyu kwenda kutafuta kazi Nairobi, Mombasa na kwenye mashamba ya walowezi, na sheria iliwalazimisha kubeba kipande, kile cheti cha utambulisho kilichowekwa ndani ya kikebe na kuning'inizwa shingoni. Aliyewahi kuvaa kibati cha Kariakoo sasa alivaa kikebe cha kipande, na mwanawe akavaa hichohicho. Mama aliyebaki kijijini hakujua kusoma wala kuandika. Mwanawe akinyamaza miezi sita, hakuwa na njia ya kujua kama ni mzima, amefungwa, ameoa au amekufa.

Sista Irene akawa mwandishi wao. Mama alikuja misheni, akaketi, akasema kwa Kikikuyu yale aliyotaka mwanawe ayajue: mbuzi aliyezaa, mzee anayekohoa, shamba lililobaki bila kulimwa, na swali la lini utarudi. Sista aliandika kama ilivyosemwa, akaongeza maneno yake ya kumkumbusha kijana sala na heshima ya wazazi, akaituma barua. Jibu lilipokuja, lilikuja mikononi mwake, naye akalisoma kwa sauti, na kwa hakika kuna mara alizosoma yale ambayo mama hakutaka kuyasikia. Ndiyo maana wasimulizi wa maisha yake walimwita katibu wa maskini. Fikiria maana ya kazi hiyo kwa miaka kumi. Mtu huyu alijua siri za nyumba nyingi kuliko chifu au padre. Alijua nani anadaiwa, nani ametoroka, nani ameacha mke, na inaelekea alijua kunyamaza, kwa sababu katika kijiji mtu anayevujisha barua haitwi Nyaatha.

Hapo ndipo ninapoliona jina lake likikomaa. Huruma ya hospitalini ilielekezwa kwa watu ambao wengi wao hawakurudi nyumbani kuisimulia. Huruma ya Gikondi ilikuwa na mashahidi, tena mashahidi wanawake, ambao walikuwa na sababu ya kila wiki ya kumtaja. Kumbukumbu ya watu wasioandika haihifadhiwi na sifa za jumla, bali huhifadhiwa na jambo alilokufanyia mtu, ukalisimulia kwa binti yako mkiwa shambani.

Inafaa pia kukumbuka miaka yake ya mwisho ilikuwa miaka gani. Mwaka 1929 nchi ya Wakikuyu iligawanyika juu ya tohara ya wasichana. Misheni kadhaa za Kiprotestanti ziliwataka waumini wao watie alama ya kidole kuukana utaratibu huo, maelfu wakahama, na shule huru za Wakikuyu zikachipuka kutoka katika mgogoro huo. Wakatoliki hawakuweka kiapo cha namna hiyo, na kwa hiyo dhoruba iliwagusa kwa kiasi kidogo. Mtafiti mwangalifu atalazimika kukubali kwamba kumbukumbu njema ya sista wa Consolata inadaiwa kitu na uamuzi huo wa wakubwa wake. Sista mwenye moyo uleule, akiwa amewekwa katika misheni iliyofunga milango, pengine angekumbukwa kwa uchungu.

Septemba 1930 alishiriki mafungo ya kiroho Nyeri, na hapo, kwa mujibu wa ushuhuda wa wenzake, aliomba ruhusa ya kuyatoa maisha yake sadaka kwa ajili ya misheni. Mwezi uliofuata tauni ilikuwa imezuka karibu na Gikondi. Miongoni mwa waliougua alikuwemo mwalimu mmoja wa shule, mtu ambaye masimulizi ya watawa yanasema alikuwa na kinyongo naye juu ya uongozi wa shule na alikuwa amemsemea vibaya. Sista Irene alikwenda kumhudumia. Hakuna aliyemlazimisha, na alijua tauni ni nini, kwani miaka ya kambi ilikuwa imemfundisha magonjwa ya kuambukiza kuliko chuo chochote. Alikaa naye hadi akafa, akarudi nyumbani na homa. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930.

Kuhusu ile sadaka aliyoiomba nina mashaka yangu madogo, si juu ya ukweli wake, bali juu ya nafasi inayopewa. Ikisimuliwa sana, kifo chake huwa kama mapatano kati yake na Mungu, na yule mwalimu mgonjwa hugeuka kuwa chombo cha kutimizia nadhiri ya mtu mwingine. Mimi napendelea kulisoma tukio lilivyo: mtu aliyekuwa mgomvi wake aliugua ugonjwa wa kutisha, naye akafanya kwa huyo kile ambacho alikuwa amekifanya kwa maelfu. Kama asingekwenda, hilo ndilo lingekuwa jambo la kushangaza.

Baada ya mazishi kikaja kipindi kirefu ambacho hati zake ni chache. Vikaja Vita Kuu ya Pili, vita ya Mau Mau ambayo Nyeri ilikuwa kitovu chake, na uhuru wa mwaka 1963. Katika miaka hiyo ilikuwa rahisi kabisa kwa jina la sista wa Kiitaliano kufutika, hasa kwa kuwa hasira dhidi ya wamisionari ilikuwa kubwa na mara nyingi ilikuwa na sababu. Halikufutika. Katika miaka ya 1980, jimbo la Nyeri lilipoanza rasmi kukusanya ushuhuda juu ya maisha yake, walipatikana wazee waliomfahamu wakiwa watoto, wakasema habari zake. Huo ndio msingi ambao utaratibu wa Roma ulijengwa juu yake, na mwaka 2011 Papa Benedikto wa 16 alithibitisha kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa.

Kilichobaki ili atangazwe mwenyeheri kilikuwa muujiza, na huo haukutoka Kenya. Ulitoka Nipepe, katika jimbo la Niassa kaskazini mwa Msumbiji. Januari 1989, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, makatekista na familia zao walikuwa wamekusanyika huko kwa mafunzo wapiganaji walipovamia. Watu zaidi ya 200 walijifungia kanisani kwa siku kadhaa, jua la Januari likiwa kali, bila njia ya kutoka kuteka maji. Maji yaliyokuwepo yalikuwa yale ya kisima cha ubatizo, ambacho kilikuwa gogo la mti lililochongwa katikati, na kiasi chake kilikuwa kidogo sana. Walimwomba Sista Irene awaombee, wakanywa. Walisema maji hayo yaliwatosha wote muda wote, na yalitosha pia kumwosha mtoto wa kike aliyezaliwa humo kanisani, ambaye walimpa jina la Irene.

Roma ilichunguza, na Juni 2014 Papa Fransisko akaidhinisha. Msomaji asiyeamini miujiza ana uhuru wake, na uchambuzi huu hautamsukuma. Ninachotaka akione ni mambo mawili. La kwanza ni kwamba, kwa kawaida, muujiza unaokubaliwa huwa uponyaji wa mgonjwa mmoja unaothibitishwa na madaktari, na huu ulikuwa wa umati wenye kiu ndani ya vita, watu wa vijijini ambao ukoloni na vita viliwapitia kama vilivyowapitia wapagazi wa 1917. La pili ni kwamba gogo lile lilikuwa chombo cha ubatizo. Kama mtu angetunga hadithi ya kumfaa mwanamke aliyebatiza wanaokufa Kilwa na Lindi, asingepata kitu kinachomfaa zaidi ya maji ya ubatizo yaliyonywewa na walio hai.

Ibada ya Nyeri ilifanyika katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, chuo kinachobeba jina la kiongozi wa Mau Mau, na iliongozwa na Kardinali Polycarp Pengo, wakati huo Askofu Mkuu wa Dar es Salaam. Sijui kama waliopanga walikusudia, lakini mji wa kardinali huyo ni mmoja wa miji ambayo Irene aliwauguza wapagazi wake. Siku hiyohiyo, katika San Salvador, Askofu Mkuu Oscar Romero naye alikuwa akitangazwa mwenyeheri, na kwa sababu hiyo magazeti ya dunia yaliangalia huko, Nyeri ikabaki na mwenyeheri wake.

Lipo pingamizi la mwisho ambalo silioni likijibiwa kikamilifu. Mwezi Machi 1922, Irene akiwa Gikondi, mwanamke wa Kikuyu Mary Muthoni Nyanjiru aliuawa kwa risasi jijini Nairobi akiwaongoza wenzake kudai Harry Thuku aachiliwe, Thuku ambaye alikuwa akipinga kipande na kazi za kulazimishwa. Wanawake wawili katika nchi moja walikuwa wakikabiliana na mfumo uleule, mmoja kwa kuwaandikia barua waliofungwa na mfumo huo, mwingine kwa kuupinga mbele ya bunduki. Wa kwanza ana faili, ushuhuda uliosajiliwa, tarehe ya kuadhimishwa na kaburi linalotembelewa. Wa pili anajulikana kwa siku moja ya maisha yake, na yaliyotangulia siku hiyo hayakuandikwa na yeyote. Tofauti hiyo haitokani na ukubwa wa matendo yao. Inatokana na nani alikuwa na taasisi nyuma yake yenye kabati la hati na subira ya miaka themanini, na ni sawa kabisa kwa Mkenya kulitamka hilo hata akiwa anapiga goti mbele ya mabaki ya Nyaatha.

Hata hivyo faili hilo lina faida ambayo haikukusudiwa. Anayetaka leo kuijua hospitali ya wapagazi kwa ndani, harufu yake, hofu yake na namna watu walivyokufa humo, atapata takwimu katika ripoti za jeshi, lakini mgonjwa mmoja mmoja, yule aliyeitisha maji na yule aliyetupwa ufukweni akiwa hai, atampata katika maneno ya masista waliokuwa wakishindana na kifo humo ndani. Kwa kumkumbuka Irene, Kanisa limejikuta likiwatunza kidogo na wale wapagazi, ambao kati yao waliowahi kusimamishiwa sanamu wanasimama Nairobi bila majina, na waliobaki wamelala katika mchanga wa Kilwa, Lindi na kando ya reli ya Voi.